Jaji wa Jumamosi

Chupa ya tatu ilipopasuka, Mzee Povu alikuwa tayari chini ya meza, mikono kichwani, akimwita mkewe.

Mkewe akashuka ngazi za ghala la chini na ufagio, amevaa miwani ya fundi, maana chupa ya mvinyo wa povu ikipasuka haichagui jicho. Akachovya kidole kwenye kidimbwi sakafuni, akaonja.

"Nani ameongeza sukari?"

"Sukari gani?" sauti ilitoka chini ya meza.

"Nilipima kijiko kwa kijiko, hamira ipate chakula chake na isizidishe. Hii hapa ni sukari ya kupikia jamu."

"Nilitaka povu liongezeke kidogo," mumewe alisema akijipangusa magoti. "Watu wananunua povu, mama watoto. Mambo ya biashara wewe huyajui."

Mkewe akafagia vipande.

Jina la Mzee Povu halikutokana na mvinyo. Alikuja nalo. Miaka thelathini nyuma aliingia shambani pale akiwa bwana harusi mwenye sanduku moja na mdomo usiojua likizo, na udongo wa kaburi la baba mkwe, aliyemwachia bintiye shamba, haujakauka, akaanza kusema "shamba langu." Mkewe ndiye aliyepogoa mizabibu, akakamua zabibu, akajaza chupa na kuzigeuza moja moja. Mzee Povu yeye alibuni lebo. Aliweka picha yake mwenyewe, amekunja mikono, anatazama mbali kama mtu aliyesahau alikoweka funguo.

Mwaka huu alipeleka chupa sita kwenye mashindano ya mvinyo, na tangu hapo kila gari likipunguza mwendo langoni alikimbilia kioo, akidhani ni jaji. Kwa hiyo mkewe aliposema mezani, "Jumamosi kuna mama anakuja kukagua shamba, nimemwambia kwamba..."

"Jaji!" Mzee Povu akapiga meza, vikombe vikaruka. "Nilijua tu! Sasa nisikilize. Siku hiyo kuongea niachie mimi. Wewe shika sinia."

"Nataka nikueleze kwanza..."

"Sinia, mama watoto."

Mkewe akaendelea kula.

Jumamosi mgeni akafika: mama wa makamo, buti za mpira miguuni, daftari kwapani. Mzee Povu alimlaki kwa suti, tai, na marashi yaliyofika langoni kabla yake.

Wakashuka ghalani. Mgeni akaonyesha chupa zilizopangwa kwenye mbao, zimeinamishwa midomo chini.

"Hizi mbona zimelala hivi?"

"Zinapumzika," alisema Mzee Povu. "Mvinyo ni kama binadamu."

"Ni ili mashapo yateremke shingoni," mkewe alisema nyuma ya sinia. "Nazizungusha kidogo kidogo, asubuhi na jioni. Mwisho nagandisha shingo, nafungua, uchafu wote unaruka nje kama kipande cha barafu."

Mzee Povu akacheka. "Msamehe. Akiona mgeni hujisahau."

Mgeni akaandika. Akagonga ukuta kwa vidole. Akauliza paa linavuja wapi, kisima hukauka mwezi gani, mizabibu ya bondeni ina umri gani. Kila swali mume alilijibu kwanza, kwa sauti. Kisha mkewe akalijibu sawasawa. Mzee Povu alishangaa kidogo jaji kujali mambo ya paa, lakini akajiambia kwamba mashindano ya siku hizi yamekuwa makali.

"Na wewe mzee, kazi yako hapa hasa ni ipi?"

"Mimi?" Akaweka tai sawa. "Mimi natoa maono."

"Kila siku?"

"Hata Jumapili."

Glasi ziligongana kidogo kwenye sinia.

Ikafika zamu ya kuonja. Mzee Povu akanyakua chupa, akaitikisa "iamke," akang'oa kizibo. Kizibo kikavunja taa. Nusu ya mvinyo ikaishia kwenye suti yake, nusu kwenye daftari la mgeni.

"Umeona nguvu hiyo?" alisema, kidevu kikimtiririka.

Mkewe akaleta chupa nyingine. Akaiinamisha, akakishika kizibo kikatulia, akaizungusha chupa yenyewe. Ikafunguka kwa pumzi ndogo, kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. Akamimina.

Mgeni akainua glasi kwenye mwanga wa mlangoni. Vipovu vilipanda kwa mstari mmoja mwembamba, bila haraka. Akanywa. Akanywa tena.

Mke, ambaye chupa tatu zilipasuka bila kumtoa jasho, alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Maumivu yote ya mgongo wake ya mwaka mzima yalikuwa mdomoni mwa mtu mwingine.

"Huu umeutengeneza wewe?" mgeni akamuuliza.

"Sisi..." alianza Mzee Povu.

"Mimi," alisema mkewe.

Mgeni akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia alichokuja kusikia. Akafunga daftari lake lililolowa.

"Basi sema, mama," Mzee Povu akahimiza, akichuruzika. "Usinionee haya, mimi ni mtu mzima. Tumepata nafasi gani?"

"Nafasi ipi tena, mzee? Shamba hili mkeo ameniuzia tangu mwezi uliopita, na yeye anabaki kuwa fundi wangu wa mvinyo. Kuhusu wewe hakutaka kusema neno. Aliniambia nije nionje mwenyewe."