Neno la Kitanda

Siku hizi kitanda cha hosteli unakilipia kwa neno moja la lugha yako. Ukilisema kwenye mashine ya mapokezi, linakutoka kichwani na kumwingia mwenye hosteli mpaka siku utakayoondoka. Tulipofika Tbilisi na mabegi mgongoni, Chausiku aliweka "kisamvu", Sikudhani akaweka "shemeji". Mimi, kwa kujifanya mjanja, nikaweka "pole". Niliona ni kaneno kadogo tu.

Siku ya tatu Chausiku alikuwa sokoni, sisi wawili tuko jikoni, Sikudhani akapigiwa simu kutoka Tanga. Bibi yake amefariki. Akanigeukia. Nikafungua kinywa, nikatafuta, hamna. Aliniangalia kama mtu asiyenijua.

Keti, mwenye hosteli, aliyekuwa akipika pembeni, aliacha sufuria yake akaja kumshika mkono.

"Pole," alisema kwa lafudhi ya Kijojia. "Pole."

"Nimeshapoa, dada," Sikudhani akajibu, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Siku ya kuondoka nilirudishiwa neno langu. Keti akabaki anachezesha midomo, anatafuta kitu asichokijua. Nikatua begi, nikamfundisha upya kwa mdomo: po-le. Safari hii tulibaki nalo wote wawili.