Ukuta wa Jikoni kwa Bi Nyamizi

Dhahabu ilipokwisha ulipita mjini kwetu ukafunga kioo cha gari, eti vumbi. Nilikuona. Haya, rudi utazame sasa! Matofali yetu tuliyafyatua kwa marudio, ule mchanga wa mgodini uliokwisha kuoshwa, na bado yana chembe za dhahabu. Kwa hiyo kila nyumba inasagwa kwenye karasha, mashine ya kupondea mawe, dhahabu itolewe, na mwenyewe anapewa nyumba hai, inayoota ardhini kama mmea, inayovuta maji hewani na kuwasha taa yenyewe. Mtaa mzima ni vigelegele!

Leo ni zamu ya Bi Nyamizi. Amevaa kanga mpya tangu alfajiri. Lakini kwenye ukuta wa jikoni ameandika kwa mkaa majina kumi na tisa ya waliofukiwa shimoni, la kwanza la mumewe, Masalu. Kampuni ya mgodi haikuyaandika popote.

"Mama, si utayaandika upya kule?" anasema Shija, fundi wa karasha.

"Jana nilijaribu kwenye nyumba hai ya jirani, nikachonga kwa kisu. Leo ukuta umeshapona."

"Ndiyo uzuri wake huo! Hata ufa haupati."

"Baba yako ni wa saba hapo, Shija."

Mkono wa Shija uko kwenye swichi. Nje watu wanaimba, "Washa! Washa!" Nami naimba, maana nyumba ile naitaka kweli.

Wewe usiimbe. Ingia jikoni sasa hivi, chagua jina moja, ulikariri kwa sauti kabla karasha halijaunguruma.