Barabara ni Moja

Kabati la milango miwili lilimpita Deogratias upande wa kushoto, likamwacha kwenye foleni na samaki wake.

Chini ya kabati alikuwepo Keneth, fundi seremala, akinyonga baiskeli kama mtu anayekwenda kusalimia jirani. Alikuwa ndani ya njia mpya ya baiskeli, ile iliyomegwa ubavuni mwa barabara ya kuingia Bariadi na kutengwa kwa nguzo fupi za zege. Deogratias alimpigia honi. Kabati halikugeuka.

"Mji wa wendawazimu huu," alisema. "Kabati linatembea, gari limesimama!"

Mbele yake yalikuwa malori ya pamba, na pa kuyapitia hapakuwepo tena. Nyuma ya pikapu barafu ilikuwa inachuruzika. Sato aliowachukua ziwani Lamadi alfajiri walitakiwa wafike sokoni kabla mama lishe hawajanunua kwa mwingine, na tangu nguzo zile zisimikwe, mama lishe walikuwa wananunua kwa mwingine. Mambo yakiendelea hivyo pikapu ingeuzwa. Hilo lilimnyima usingizi, ingawa mbele za watu alisema anapigania maendeleo.

Flora, mkewe, aliyekaa pembeni yake, hakuonyesha huruma. "Leo tena umempita mama."

Kweli alikuwa amempita, kule mji unapoanzia. Mama yake Flora alikuwa ndani ya njia ya baiskeli, gunia la michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa limefungwa kwenye keria, naye kama kawaida anawahi soko. Kwao, mkwe hampiti mama mkwe njiani. Husimama, hushuka, huinamisha macho, husubiri mpaka mama aende zake. Deogratias alifanya hivyo tangu alipooa, tena bila kinyongo, hadi nguzo zilipowekwa.

"Nimempita wapi? Yeye yuko njia ya baiskeli, mimi niko barabarani. Njia mbili hizo."

"Na yale matope uliyomrushia siku ya mvua?"

"Matope hayajui ukwe, Flora."

Flora akaachana naye. Mumewe akishaanza uwakili, hata hakimu angeomba kupumzika.

Jumamosi mtaa uliitwa kuamua: nguzo zibaki au zing'olewe. Keneth alisimama kwa niaba ya wenye baiskeli, akahubiri habari za afya na hewa safi, sigara ikiwa nyuma ya sikio. Akasema dereva wa Bariadi akiona mtu kwenye baiskeli huona kuku. Wenzake wakapiga makofi, na wawili kati yao wakalia kama kuku ili kukazia hoja.

Ndipo akasimama Deogratias.

"Barabara ni moja!" alinguruma. "Mungu hakuumba barabara ya gari na barabara ya baiskeli. Tupite wote pamoja, kama ndugu!"

Ukumbi ulilipuka. Waliompigia makofi kwa nguvu zaidi ni wale ambao hawakuwa na gari wala hata tairi, ila walitarajia. Alihutubia shingo ikiwa imekaa upande mmoja kama aliyelala vibaya, maana upande wa pili, kwa akina mama walioacha baiskeli zao mlangoni, hakutupa jicho mkutano mzima. Watu wakanong'ona kwamba jamaa siku hizi ana maringo.

Januarius, mwenyekiti wa mtaa, alihesabu mikono. Ikalingana. Akahesabu tena, ikalingana tena. Kisha, kule kwa wenye baiskeli, ukainuka taratibu mkono mmoja ambao mwanzo haukuinuka popote. Ulitaka nguzo zing'olewe.

"Kuna mwenzetu katuuza!" Keneth alipiga kelele.

Deogratias hakuhangaika kujua ni nani. Tayari wenye magari walikuwa wamembeba juu juu, wakiimba jina lake.

Nguzo ziling'olewa. Asubuhi ya kwanza ya barabara pana, Deogratias aliingia mjini kama bwana harusi, msururu wa madereva wenzake ukimfuata kwa honi za ushindi. Alipita lori la kwanza. Alipita la pili. Alimpita Keneth, safari hii akiwa amebeba kitanda, akampigia honi ndefu kuliko ilivyohitajika. Barafu ilikuwa bado ngumu. Mapaa ya soko yalishaonekana, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa.

Ghafla akakanyaga breki.

Mbele yake, katikati kabisa ya lami, kulikuwa na baiskeli, gunia la michembe, na mgongo anaoufahamu.

Flora alitazama dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Deogratias alizima gari. Akashuka. Akavua kofia, akainamisha macho.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama mkwe kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

Nyuma, honi zilibadilika sauti. "We! Toka barabarani!" walifoka walewale waliombeba. Keneth na kitanda chake wakawapita wote kushoto. Chini ya pikapu, tone la kwanza la barafu likaanguka, likafuatwa na jingine.

Mama yake Flora naye alikuwa ameshuka. Alikuwa anakagua kamba ya gunia, fundo baada ya fundo, kwa utulivu wa mtu asiye na samaki.

"Barabara ni moja, baba," alisema bila kugeuka. "Ndiyo maana nikainua mkono."