Nyumba Isiyo na Madirisha

Zlata alikuwa amechora tena nyumba isiyo na madirisha.

Aliinua karatasi mbele ya simu, huko Kharkiv, na Romana akaiona kwenye kompyuta yake mjini Lviv. Akavunjika moyo. Kila Jumanne ni picha ile ile: kuta nene mbili upande huu, mbili upande ule, na katikati mwanamke mwenye nywele za njano. Hata tundu la kuchungulia hakuna, jamani!

Kazi ya Romana ni kutibu watoto kwa michoro. Huyu alikuwa na miaka saba, na tangu kombora lilipopasua nyumba yao hajatamka neno. Yeye na mama yake, Ustyna, walipona kwa kuwa walikuwa wamekaa koridoni, kama kila mtu pale king'ora kinapolia: angalau kuta mbili kati yako na nje, mbali na vioo vya madirisha. Lviv, mbali na mapigano, kulikuwa kimya.

"Huyu ni mama, mpenzi?" Romana aliuliza.

Zlata akatikisa kichwa kukataa.

"Ni wewe ukiwa mkubwa?"

Akatikisa tena. Hakumtazama Romana usoni. Alikodoa macho nyuma ya kiti cha Romana, kama siku zote. Romana hakushangaa. Watoto walioumia hukwepa macho.

Ustyna akajitokeza kwenye simu. "Dada, usinizungushe. Mtamchukua?"

Madaktari walitaka mtoto alazwe, mbali na mama, kama hakuna nafuu. Walikuwa wanamsubiri Romana tu aseme.

"Anazidi kujifungia, dada yangu. Kila wiki kuta, kuta. Naona bora alazwe."

"Thubutu! Huyu halali bila kunishika mkono. Huko atamshika nani? Wewe?"

Lile swali lilimchoma Romana. Kweli, angemshika nani? Machozi yakamlenga, na aibu ikamjaa, maana mtaalamu halii mbele ya mgonjwa. Akainuka, akageukia dirisha lililokuwa nyuma ya kiti chake, akaegemeza paji la uso kwenye kioo, nywele zake za njano zikimfunika, ili ajifute asionekane.

Kwenye kompyuta kukasikika purukushani, simu ikianguka na kuokotwa. Kisha sauti ngeni, nyembamba, iliyokwaruza.

"Anti Romana, toka hapo dirishani! Nyumba nimeshakuchorea, mbona huingii?"