Utando wa Uji

Bakuli moja lilikuwa limetolewa utando tena.

Mlezi mkuu aliliona kutoka mlangoni mwa bwalo, kengele mkononi. Mchungaji akishika sala ya asubuhi, Mungu mwenyewe hulazimika kukaa chini, na uji uliokwisha kumiminwa hupata muda wa kupoa na kujifunika utando. Mabakuli hamsini na moja yalikuwa nao. Moja halikuwa nao. Jana hivyo hivyo, juzi hivyo hivyo. Hapa kuna mtu ananichezea, alijiambia.

Bakuli hilo lilikuwa mbele ya yule binti mdogo kuliko wote, mwenye miaka mitano, aliyeletwa miezi miwili nyuma na jirani aliyeapa kwamba mtoto hana mtu duniani. Mlezi mkuu alikumbuka vizuri wiki yake ya kwanza. Utando ukigusa ulimi wake tu, alitapika. Lakini hayo yalitokea zamani za mpishi mzee. Huyu mpya alikuwa na wiki mbili tu kazini, na hakuna aliyemwambia.

Halafu kulikuwa na suala la dirisha. Mmisionari aliyejenga kituo kile cha yatima aliliweka dirisha la kugawia chakula chini, usawa wa kiuno, makusudi kabisa. Mpishi asione nyuso akaanza kupendelea. Aliyeko jikoni huona mikono tu: mikono miwili inakuja, bakuli linasukumwa, mikono inaondoka. Sasa huyu alijuaje?

Labda anahesabu foleni, mlezi mkuu aliwaza. Kesho yake akamtoa yule mdogo nafasi ya kumi na tisa akampeleka mkiani kabisa, kisha akasimama karibu na dirisha akijifanya anafunga kamba ya kiatu.

Bakuli la kumi na tisa likatoka na utando wake. La ishirini nalo, la thelathini nalo. Mwishoni vikatokea viganja viwili vidogo, na ndani ya jiko kijiko kikasita. Kikashuka, kikazoa utando taratibu, kikaukung'uta pembeni.

Mlezi mkuu aligeuka ghafla, na wa kwanza kukumbana na hasira yake akawa Mwanya, msichana wa miaka kumi aliyekuwa amekaa zake anakula.

"Nyoosha mgongo wewe! Kila siku wewe tu!"

Mwanya akanyoosha mgongo. Mke wa mchungaji, aliyekuwa akipita na vitabu vya nyimbo, akasimama.

"Mama, huyu mtoto amekukosea nini? Mbona wengine unawabeba hadi mgongoni?"

"Anapenda kudeka, mama. Nikimlegezea ataharibika."

Alijibu hivyo, lakini akili yake ilikuwa jikoni. Ijumaa wakaguzi wa misheni walikuwa wanakuja, na tangu barua yao ifike hakuwa amepata usingizi wa maana. Kanuni ilikuwa moja: kituo ni cha wasio na baba wala mama. Katika kituo jirani, mwaka juzi, wakaguzi walimgundua mtoto mmoja tu mwenye mama. Hawakuishia kwake. Walifungua faili zote, wakaenda kuulizia nyumba kwa nyumba, na watoto kumi na mmoja wakarudishwa kwenye njaa waliyoikimbia. Mmoja hakumaliza mwezi.

Vyombo vilipokwisha kuoshwa alimwita mpishi stoo, akafunga mlango. Walisimama katikati ya magunia ya unga, uso kwa uso.

"Yule mdogo ni nani yako?"

"Yupi, mama? Mimi wote naona mikono tu."

"Usinifanye mtoto. Nimembadilishia nafasi na bado umemjua. Ijumaa wanakuja watu ambao kazi yao ni kutazama. Mimi nimekuona kwa siku nne, wao watakuona kwa dakika nne."

Mpishi akafungua mdomo kukana, akaufunga. Aliketi juu ya gunia.

"Mikono yake nimeiosha miaka mitano," alisema. "Nitaisahau vipi? Baba yake alipofariki tulikuwa tunalala na maji tu tumboni, mama. Nilimwomba jirani amlete, nikaja kuomba kazi nyuma yake. Sijaiba kitu. Nilitaka tu nimwone anakula."

"Na yeye anajua uko jikoni?"

"Hajui. Hajasikia hata sauti yangu. Nakuomba, usimwambie mchungaji. Nifukuze mimi, yeye mwache."

Mlezi mkuu alimtazama. Mwanamke huyu, kwa kijiko chake kimoja, angeweza kusababisha faili zote hamsini na mbili zifunguliwe.

"Sitamwambia mtu," alisema hatimaye. "Lakini kuanzia kesho utampa uji na utando wake kama wenzake. Akitapika, atapike. Akilia, usichungulie. Akiugua, endelea kukoroga."

Mpishi akainuka. Macho yake, yaliyokuwa yakimsihi sasa hivi tu, yalijaa chuki.

"Una roho ngumu wewe. Kweli hujazaa."

Mlezi mkuu akafungua mlango kidogo, akatazama ukumbini kushoto na kulia, kisha akaurudishia polepole.

"Wangu huu ni mwaka wake wa nne humu ndani," alisema. "Sijawahi hata kumshika mkono."