Pembe ya Kushoto

Ng'ombe alikuwa na pembe moja.

Kiplimo alilisogeza gazeti la Ijumaa karibu na dirisha akatazama tena. Moja. Katuni yenyewe ilikuwa ya kawaida kwa msimu wa bajeti: mkubwa mwenye kitambi anawaamuru wafanyakazi waliokonda, "Kazeni mikanda!" Wafanyakazi wameshika vikombe vya strungi, chai kavu isiyo na maziwa. Nyuma ya kiti cha mkubwa, ng'ombe ametokeza kichwa, anatafuna kitabu cha bajeti. Ubavuni mwa katuni walikuwa wamebandika tangazo la dawa ya kupe. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: Mageto, Sotik. Soko zima la Chepseon lilikuwa linacheka tangu asubuhi.

Kiplimo hakucheka. Alikuwa mkuu wa shirika la umma la mifugo pale Chepseon, na mwezi wa sita ndiye aliyetia sahihi waraka wa kuondoa maziwa kwenye chai ya wafanyakazi, eti serikali inabana matumizi. Watu wa mifugo, tena katika nchi ya majani chai, wanakunywa strungi. Hilo mtu yeyote angelichora. Lakini ng'ombe?

Ng'ombe alikuwa wa kweli. Shirika lilimnunua kwa ajili ya kikundi cha akina mama, vitabuni akaandikwa kuwa alikufa njiani, na sasa alikuwa Sigowet kwa wakwe wa Kiplimo, akikamilisha mahari iliyosubiriwa miaka kumi na minne. Siku ya kumshusha kwenye lori aligonga nguzo ya lango na pembe ya kushoto ikakatika. Habari hiyo ikitoka, Kiplimo angepoteza kazi, pengine afungwe, na wakwe wangenyang'anywa ng'ombe wao wa mahari majirani wakitazama. Hilo la majirani ndilo lililomtisha zaidi.

Kuna mtu aliyesema. Ilibaki kujua ni nani.

Alianza na Ogada, dereva wa lori. Ogada aliingiwa na hofu, akaapa kwa watoto wake. "Mkubwa, miaka saba nimekubebea vitu na sijawahi kuuliza ni vya nani," alisema. Kiplimo aliona hayo ni maneno ya mtu anayejua mengi mno. Jumatatu Ogada, ameshaachishwa kazi, alirudisha funguo za lori, akaenda kwa miguu hadi barabarani.

Jumanne Kiplimo akakumbuka simu. Shemeji yake alikuwa amepiga kulalamikia ile pembe, naye akamjibu kwa hasira kwamba pembe haikamuliwi. Wakati huo Esnah, mpishi wa chai, alikuwa amesimama pale pale akimimina.

Tangu hapo kila kitu cha Esnah kilimtia shaka. Kwa nini anabisha hodi polepole hivyo? Kwa nini kwao ni Sotik, huko huko kwa mchoraji? Hata strungi ilikuwa imeanza kuwa tamu kupita kiasi, chai ya mtu anayejipendekeza. Alimwita, akamwekea gazeti mbele.

"Unaona nini hapa?"

Esnah alitazama kwa makini. "Ng'ombe, mkubwa."

"Ng'ombe gani?"

"Ni kama hajaisha kuchorwa."

"Hajaisha aje?"

"Si hata wewe unaona? Upande huu hakuna kitu." Alichukua trei yake. "Mkubwa, kama kuna mahali nimekosea, niambie tu. Niko na watoto watatu shule, na baba yao alishaenda."

Alisema hayo bila kutetemeka, na kwa Kiplimo huo ukawa ushahidi. Mwenye hofu ndiye msafi, alijiambia, akasahau kwamba kwa Ogada alifikiri kinyume. Aliandika barua ya kumwachisha Esnah kazi. Hakuitia sahihi. Alitaka kwanza kusikia jina lake likitoka kinywani mwa mchoraji.

Alhamisi alienda Sotik. Alimkuta mzee Mageto kwenye kibanda chake, anaandika bei ya matumbo kwenye ubao wa bucha. Kazi yake hasa ilikuwa mabango. Katuni alichora moja tu kwa wiki, kila Alhamisi, na mezani karatasi ya siku hiyo ilikuwa bado nyeupe.

"Karibu, mkubwa. Unataka ya bucha ama ya hoteli?"

Kiplimo aliweka gazeti juu ya ubao, rangi ikalishika. "Nani alikuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Mzee, usinizungushe. Sema tu ni Esnah, na mimi na wewe tutaelewana."

"Esnah wa wapi?" Mageto alilibandua gazeti kwa upole. "Hii ni ya bajeti ya Nairobi. Huyu mnono hata si mtu, nilimtoa kwa kichwa."

"Na ng'ombe?"

"Hata yeye."

"Na pembe? Ya kwamba ya kushoto imeenda, imebaki moja, hiyo pia ulitoa kwa kichwa?"

Mzee aliingia ndani, akatoka na karatasi ngumu, katuni yenyewe kama alivyoichora kwa mkono wake. Mkubwa alikuwa yule yule na vikombe vile vile. Ng'ombe alikuwa na pembe mbili, ndefu, nzuri.

"Watu wa gazeti walitaka nafasi ya dawa ya kupe," alisema, akaweka kidole kwenye pembe ya kushoto. "Wakanikatia hapa."

Kiplimo aliigusa barua mfukoni. Akilini alimwona Ogada akienda kwa miguu, na akatamani kuwa mahali pengine popote.

Mzee Mageto alipangusa mikono, akamsogezea kiti, akavuta ile karatasi nyeupe na kuchukua penseli.

"Sasa huyo wako, mkubwa," alisema, "pembe yake ilivunjikia wapi?"