Kaburi Walilokosea

"Huyo si baba yangu," mteja alisema kwa simu kutoka Seoul.

Mansik aliitazama tena picha aliyomtumia: tuta la kaburi, nyasi zimefyekwa zikafyekeka. Kumbe alfajiri ile alikuwa amefyeka kaburi la jirani. Dada yake, Oksun, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akawasha mashine ya kufyekea, wakafyeka lile la baba wa mteja.

Biashara ilikuwa changa. Duka la Mansik la kuku wa kukaanga lilikufa, ndoa ya dada ikafuata, basi wakaamua kuwafyekea makaburi watu wa mjini wasiopata nafasi ya kurudi kijijini kabla ya Chuseok, sikukuu ya mavuno ambayo makaburi ya wazee hutakiwa yawe safi.

Waliposhuka kutoka makaburini, walimkuta mjane mmoja, Bibi Kwak, akigawa keki za mchele mbele ya duka la kijiji.

"Kuleni. Mwanangu Jongdae kaja alfajiri kumfyekea baba yake, pale juu karibu na msonobari."

"Kila mwaka anakuja alfajiri," jirani alisema, "na kila mwaka hatumwoni."

"Mwaka huu si mmesikia mashine? Jioni nampigia simu nimshukuru."

Mansik aliacha kutafuna. Kaburi karibu na msonobari ndilo alilolifyeka kimakosa.

"Nyamaza," Oksun alimnong'oneza. "Wakijua, nani atatupa kazi hapa?"

"Akipiga simu je, dada? Mwanawe atamwambia hakuja. Atamvunja moyo, na mwenye kosa ni mimi."

"Ungeuza kuku kama unavyoomba radhi, lile duka lingekuwa wazi mpaka leo."

Lakini moyo ulimsuta mchana kutwa. Kila alipokumbuka uso wa yule bibi akigawa keki, aliona haya, kana kwamba amemwibia mtu mzima mchana kweupe. Kabla jua halijazama alikwenda kwake, akamkuta jikoni anakanda unga. Alipiga magoti akasema yote: mteja, picha, kosa. Hakuthubutu kuinua uso.

"Nisamehe, bibi. Aliyefyeka si Jongdae. Ni mimi."

Bibi Kwak alifuta mikono taratibu. Akatoka, akachungulia njiani kulia na kushoto, akafunga lango.

"Nilikuona," alisema. "Nilikuwa nimejibanza kwenye miti na mundu wangu. Kila mwaka huwa nafyeka mwenyewe watu hawajaamka. Mwaka huu ukaniwahi."

Mansik aliinua uso. Bibi alikuwa ameanza tena kukanda unga wake, macho chini.

"Mwakani usiende alfajiri, mwanangu. Nenda saa nne, watu wakiwa dukani. Vaa suti, na upite kwa mbali, wamwone Jongdae."